Adhana Iliyogoma Kwenye Mashine Mpya

Mume wangu aliadhini kwenye msikiti wa mtaa wetu hapa Kilwa Masoko tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka kiharusi kilipompiga. Mchana alikuwa karani wa ghala la korosho, lakini ukimuuliza mtu wa hapa alikuwa anafanya kazi gani, atakwambia muadhini. Sauti yake haikuwa na madoido. Ilinyooka, ikatoka, ikafika inapotakiwa kufika, basi.

Kompyuta iliingia nyumbani kwangu ofisi ya ghala ilipobadilisha mashine. Za zamani zilikuwa zinatupwa, naye akaomba moja. Mimi sikuitaka. Ilikuwa na kichwa kikubwa kuliko cha ng'ombe, na ikiwashwa inanguruma. Akaiweka sebuleni, juu ya meza ya cherehani yangu, na cherehani ikahamia chumbani bila mimi kuulizwa.

Rafiki yake alimletea kutoka Unguja sidii yenye programu ya nyakati za swala. Unaiambia uko sehemu gani ya dunia, inapiga hesabu ya jua, na wakati ukifika inatoa adhana. Kwenye kioo kuna picha ya msikiti wa kijani na saa kubwa ya tarakimu. Adhana iliyokuja nayo ilikuwa ya mtu wa mbali, anayevuta maneno mpaka yanakaribia kukatika. Mume wangu akamsikiliza siku chache, akasema, "Huyu anajisikiliza mwenyewe." Akatafuta kipaza sauti kidogo, akajifungia stoo, akaadhini yeye, akaiweka ya kwake. Mpaka leo, mwisho wa adhana ile, unasikia mwanamke kwa mbali akisema, "Toka hapo." Ni mimi, namfukuza mbuzi. Nilimwambia airudie, akakataa.

Kiharusi kilichukua upande wa kulia na ulimi. Mkono ulirudi kidogo, mguu ukarudi kidogo, sauti haikurudi. Akabaki na maneno machache yanayotoka yamelegea. Daktari akaniambia, bibi, huyu asiachwe alale. Ainuke, atembee, hata kama ni mpaka bafuni na kurudi. Akilala tu, miguu itakakamaa na hatasimama tena.

Sasa nani wa kumwinua? Mimi nikimwambia amka, ananitazama kama vile naongea na mtu aliye nyuma yake. Mjukuu wetu wa kike tunayeishi naye, anayefanya kazi steshenari sokoni, akimbembeleza, anamchekea na kubaki pale pale alipo. Msikiti ukiadhini anasema, "Huyo kawahi." Lakini mashine pale sebuleni ikitoa ile adhana yake, anashusha mguu.

"Nimeshaita," anasema.

Anashika ukuta, anafika bafuni, anatawadha, anaswali kwenye kiti. Mara tano kwa siku anainuliwa na sauti yake mwenyewe. Sikuipenda mashine ile hata siku moja, lakini nilianza kuifuta vumbi.

Kisha ikafa. Chumvi ya bahari inakula kila chuma hapa Masoko, ikawa zamu yake. Siku hiyo mume wangu hakuinuka kwa Adhuhuri. Hakuinuka kwa Alasiri. Wiki ilipopita, tukawa tunamgeuza kitandani mimi na mjukuu, mmoja begani, mmoja kiunoni, naye kaelekea ukutani. Nikishika mashavu ya miguu yake naona yamelainika kama ya mtoto.

Tukaipakia mashine kwenye bodaboda, mimi nyuma nimeikumbatia, mjukuu kwenye nyingine, tukaipeleka kwa fundi. Fundi huyo ni mtani wangu, watu wa kwao na wa kwetu tunatukanana tangu enzi za mababu.

"Shikamoo bibi. Umeniletea maiti."

"Marahaba. Maiti ni ndugu zako. Fungua."

Akaifungua. Ndani kutu tupu, na sisimizi wamejenga.

"Kumbe wa kwenu wamehamia humu," akasema. "Nilidhani bado wako kwenye vichuguu."

"Wewe toa kilicho cha mume wangu, matusi utamalizia baadaye."

Akachomoa kile kipande kinachotunza kumbukumbu, akakiunganisha na mashine yake, akanakili kila kitu kwenye fleshi. Alipomkabidhi mjukuu alikuwa ameacha utani. "Programu ya babu imetoka nzima. Ila ni ya zamani sana, dada. Kwenye mashine za sasa italeta jeuri."

"Jeuri nimelea wengi," nikamwambia.

Mjukuu alianza na njia rahisi. Aliichukua adhana ile akaiweka kwenye simu, akaisogeza kitandani wakati wa Magharibi. Mume wangu akafumbua macho.

"Pokea simu," akasema.

"Siyo simu babu, ni adhana."

"Pokea. Watu wanapiga."

Tukaona hapo hapatafaa. Kwake adhana inatoka kwenye msikiti wa kijani sebuleni, penye ile saa kubwa. Kwenye simu ni mtu anayetafutwa.

Mjukuu alikuwa na laptopu kuukuu aliyoitumia chuoni. Akaiweka kwenye meza ya cherehani, akachomeka fleshi, akaifungua ile programu. Kikatokea kikaratasi katikati ya kioo chenye maneno ya Kizungu, kikazima. Akajaribu tena, kikatokea tena.

"Kinasema nini?"

"Kinasema programu hii haiwezi kufanya kazi hapa."

"Imekataa ipi, mashine au programu?"

Akaniambia ndani ya kompyuta kuna mkubwa, anaitwa mfumo endeshi. Kila programu inakaa kwake. Ikitaka kuonekana kwenye kioo inamwomba yeye, ikitaka kutoa sauti inamwomba yeye, ikitaka kujua saa inamuuliza yeye. Sasa programu ya babu ikifika inauliza kwanza, wewe ni mfumo wa ngapi? Ikitajiwa namba ya siku hizi haijawahi kuisikia. Inageuka inaondoka.

"Basi ibadilisheni hiyo programu ijue namba mpya."

"Aliyeitengeneza hatujui yuko wapi, bibi. Na akishaifunga yeye, sisi hatuwezi kuifungua ndani."

Akabonyeza kipanya upande wa kulia juu ya picha ya programu, orodha ikashuka, akaingia kwenye ukurasa wenye visanduku vya kutia alama.

"Hapa panaitwa upatanifu," akasema.

"Upatanishi?"

"Upatanifu."

"Nani kagombana na nani?"

"Programu na mfumo."

"Basi ni upatanishi. Endelea."

Mambo ya upatanishi nayajua. Mtaa huu wanandoa wakivunja vyombo, wanakuja kwangu. Nikavuta kiti.

Akanionyesha. Unachagua mfumo wa zamani, ule uliokuwepo programu ilipozaliwa. Kuanzia hapo, programu ile ikiuliza wewe ni wa ngapi, inatajiwa ile namba ya zamani. Programu nyingine zikiuliza zinaambiwa namba yenyewe. Hii peke yake ndiyo inajibiwa hivyo.

"Inadanganywa," nikasema.

"Inajibiwa inavyoelewa."

"Mke mwenzangu, nimekulea mimi, usinizungushe." Namwita mke mwenzangu kwa kuwa babu yake ni mumewe pia, ndivyo wajukuu na mababu wanavyotaniana kwetu. "Umeiambia namba isiyo yake."

"Nimeiambia, bibi."

"Sema hivyo basi."

Watu wananiona mkali kwa jambo hili. Mume wangu baada ya kuugua alianza kuchanganya nyakati. Kuna siku ananiita dada, akidhani ni dada yake mkubwa aliyemlea. Namwambia, mimi ni mke wako. Anaulizia ufunguo wa ghala, namwambia ulishastaafu. Anamuulizia mama yake, namwambia alifariki, na kila nikimwambia analia upya. Mjukuu alikuwa anatoka nje nikisema hivyo. Mimi nilikuwa naona mtu mzima hapewi maneno ya kumnyamazishia, mtoto ndiye anayepewa.

Lakini hilo neno lake la upatanifu lilinikaa. Katika kusuluhisha watu kuna ruhusa, tumefundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo. Ukimwambia mke mumeo kakusifu, ukamwambia mume mkeo kakusifu, na hakuna aliyemsifu mwenzake, huhesabiwi muongo ikiwa nia yako wakae. Mimi mwenyewe nimewasifia wengi wasiosifika. Nikamwacha afanye.

Akatia alama, akabonyeza. Msikiti wa kijani ukatokea, mdogo kama stempu, kwenye kona.

"Ataonaje hicho? Macho yenyewe yale."

"Programu inajua vioo vya zamani tu, vilikuwa vidogo." Akarudi kwenye ukurasa wa upatanifu, akatia alama nyingine, kioo chote kikajishusha kikawa kama cha enzi zile, na msikiti ukajaa mwanzo mpaka mwisho. Mara ikazima tena.

"Na sasa?"

"Inataka kuandika kumbukumbu zake mahali ambapo siku hizi programu hairuhusiwi kuandika bila idhini. Zamani kila programu iliandika popote."

"Kama babu yako na ufunguo wa ghala."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. Kuna njia ya kuipa programu idhini ya mwenye mashine, na kuna njia nyingine ya upole zaidi. Mfumo unaiacha iandike, lakini unayapokea maandishi yale na kuyaweka pembeni, mahali pake peke yake. Programu ikija kusoma, inaletewa kutoka pembeni. Maisha yake yote inadhani imeandika pale ilipotaka, na hakuna kilichoharibika.

"Nani aliyefikiria hivyo?" nikauliza.

"Waliotengeneza mfumo. Wanajua watu wana programu wanazozipenda. Kuna nyingine mfumo unazijua kabisa kwa tabia zake. Ikifika hii, ifanyie hivi, ikifika ile, ifanyie vile. Hata hujui kama imesaidiwa."

Nilidhani mashine haina huruma. Mtu amekaa mahali, huko kwao, akawaza kuhusu programu kongwe ya mtu asiyemjua.

Akaiacha iandike pembeni. Ikafunguka, ikatulia. Tukalala na matumaini.

Asubuhi yake niko jikoni napika chai, jua ndiyo kwanza linachomoza, nikasikia adhana ya mume wangu kutoka sebuleni. Nikaacha sufuria. Kumi na mbili na nusu asubuhi, adhana ya nini? Nikaenda kitandani. Alikuwa amefumbua macho, ameukunja uso. Akautazama mlango unaoingiza mwanga, akautazama tena.

"Saa hii siyo," akasema, akageukia ukuta.

Kwenye kioo imeandikwa Adhuhuri. Saa nne kasorobo ikatoa Alasiri, na karibu saa sita na nusu mchana ikatoa Magharibi. Muadhini wa miaka yote huwezi kumwambia jua limezama wakati linapasua paa la bati. Mara hii hata jicho hakufumbua. Hapo ndipo nilipoogopa. Asipoiamini na hii, hatutakuwa na kitu kingine cha kumwinua.

Mjukuu aliporudi kula nikamkuta kasimama mbele ya mashine anahesabu kwa vidole.

"Inawahi saa sita kamili," akasema. "Zote. Siyo dakika, saa sita kamili." Akaingia ndani ya mipangilio ya programu ile, akatafuta, akaanza kucheka peke yake. "Bibi, babu alikuwa anaishi Brazili."

"Brazili ya wapi? Huyo hata Mtwara alikuwa analala usiku mmoja anarudi."

"Programu inajua mji ni Kilwa, lakini saa kaiwekea za Brazili. Kwa nini?"

Nikakumbuka. Mashine ilipoingia nyumbani, asubuhi ya saa moja ilionyesha saba. Mume wangu aliichukia sana hiyo saba. Saa moja ni saa moja, alisema, jua likichomoza unaanza kuhesabu moja, nani anaanza kuhesabu na saba? Alikaa nayo siku nzima akijaribu nchi moja moja kwenye orodha ya mashine, mpaka akapata inayosoma saa yetu. Akaichagua kwa mashine, akaichagua na kwa programu. Kumbe alituhamisha ng'ambo ya pili ya dunia ili saa moja iwe saa moja. Nami nilikuwa napita pale kila siku naisoma saa, inasema tisa ikiwa tisa, sikujua tumehama.

"Sasa laptopu hii inajua iko Tanzania," mjukuu akasema, "na programu bado iko Brazili. Ndiyo maana hawaelewani. Nairudisha programu Tanzania, inakwisha."

Akairudisha. Saa kubwa kwenye kioo ikawa 13:20, na pembeni Magharibi imeandikwa 18:25. Tukamwinua mume wangu tukamkalisha kwenye kiti mbele yake. Aliitazama muda mrefu.

"Kumi na tatu," akasema. "Saa gani kumi na tatu?"

"Saa saba na dakika ishirini, babu. Ni ya Kizungu."

"Hii siyo yangu."

Akaanza kujiegemeza upande, kama anavyofanya akitaka kurudishwa kitandani. Mjukuu akanitazama, macho yamejaa. Alitafuta kwenye ule ukurasa wa upatanifu kama kuna kisanduku cha kuipa programu moja saa yake peke yake. Hakukuwa na kisanduku cha hivyo.

"Basi ipeleke mashine yote Brazili," nikamwambia.

"Itakuwa inasema uongo kila kitu, bibi. Barua, picha, kila kitu saa za ajabu."

"Nani ana barua humu?"

Akanitazama kuhakikisha ni mimi ninayesema. Kisha akafanya. Aliihamisha laptopu, akaihamisha na programu, vikawa nchi moja, akachagua tarakimu zinazoishia kumi na mbili. Kioo kikaandika 7:24, na jua nje lilikuwa la saa saba na dakika ishirini na nne. Alasiri ikajiandika 9:45. Mume wangu alikuwa ameshalala kwenye kiti. Tulimrudisha kitandani.

Mchana ule mjukuu hakurudi kazini, alipiga simu steshenari akaomba ruhusa. Tulikaa mkekani tunachambua mchele ambao haukuwa na hata jiwe moja. Mume wangu aliamka mara moja akauliza ufunguo wa ghala uko wapi. Nikafungua mdomo kumwambia alishastaafu. Nikasema, "Uko salama." Na ulikuwa salama, ingawa sijui kwa nani. Akapumua, akafumba macho. Mjukuu akainamia ungo wake, na mimi sikumpa nafasi ya kusema kitu.

Saa kumi kasorobo ikafika. Mashine mpya haingurumi, kwa hiyo adhana ilianza ghafla, yenyewe ile, imenyooka. Nikasimama mlangoni mwa chumba.

Alifumbua macho. Akatazama mlango, mwanga ulikuwa umeshalala upande. Akasikiliza. Kila neno lilipopita, midomo yake ikalifuata, kama inavyotakiwa kumfuata muadhini. Hakusema nimeshaita. Siku zile za kulala zilikuwa zimelichukua hilo. Adhana ilipokwisha akanitazama mimi.

"Dada," akasema. "Nani huyo anaadhini?"

Mjukuu alikuwa nyuma yangu. Alidhani nitamsahihisha.

"Ni mume wangu," nikasema.

Akalifikiria jambo hilo.

"Anaadhini vizuri."

"Anaadhini vizuri sana."

"Mpelekee maji atawadhe. Usimcheleweshe."

"Haya. Twende wote."

Akashusha mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia kwa mkono, akausimamisha sakafuni. Akayumba. Mjukuu akataka kumkimbilia, nikamzuia kwa kiwiko. Akashika ukuta. Tulikwenda hivyo mpaka bafuni, yeye mbele, mimi nyuma na ndoo. Nikammiminia maji polepole, nikamshikia mkono wa kulia usianguke, akauosha kwa wa kushoto, akarudia, akarudia tena.